Damu huisha, chuma hubaki

Asumini ya mama watoto ilianza kunyauka miaka mitatu iliyopita. Iko kwenye ndoo ya rangi, chini ya dirisha la kijana wetu, hapa Ngamiani, Tanga. Mama watoto akaitilia samadi, akaisogeza kivulini, akaisemesha kama anavyosemesha maua yake yote. Wapi! Siku nilipoipindua ile ndoo nikakuta juu ya udongo utando mweupe mweupe, kama chokaa iliyokauka. Nikaugusa kwa kidole, nikaunusa, magoti yakaniisha nguvu. Ilikuwa dawa. Dawa niliyokuwa naikoroga mwenyewe kila asubuhi kwenye bilauri, nampelekea kitandani, nageuka kwenda kufungua duka, naye akisikia komeo la mlango wa uani anaimimina dirishani.

Alikuwa na miaka 12. Nilipomuuliza hakubisha.

"Baba, si niko sawa mimi? Huoni nacheza mpira?"

Nami nilikuwa naona. Hapo ndipo penye kosa langu. Nilikuwa nampima mtoto kwa macho. Akicheza, akila, akigombana na dada yake, nasema alhamdulillahi, mambo mazuri. Kumbe moyo una tabia ya kunyamaza.

Mwanangu ana thalasemia, ile kubwa. Mwili wake hautengenezi hemoglobini ya kutosha, ile protini nyekundu ya damu inayobeba hewa, kwa hiyo anaongezewa damu kila baada ya wiki tatu tangu akiwa hajatimiza mwaka. Sasa ana miaka 15. Mimi si daktari, nauza vipuri vya baiskeli. Ninayoyaandika hapa nimeyapata kwenye mabenchi ya kliniki, kwa kuuliza maswali mpaka masista wakanizoea, na mengine kwa kukosea. Wazazi wenye watoto wa siko seli wanaoongezewa damu mara kwa mara nao wasome, kwa sababu habari ya chuma kinacholetwa na damu hiyo inawahusu pia, ingawa kwa watoto wao chuma hutangulia kujaa kwenye ini na si rahisi sana kufika kwenye moyo. Kwa hawa wetu wa thalasemia, moyo ndio unaowaondoa wengi.

Alipokuwa na miezi saba alianza kupauka. Viganja vyeupe, hanyonyi vizuri, akilia analia kama aliyechoka. Zahanati moja ikampima wingi wa damu, ikakuta 5, tukapewa sirapu ya kuongeza damu. Chupa ikaisha, tukapewa nyingine. Shangazi yangu kila jioni anakuja na rosela iliyochemshwa, anamnywesha kwa kijiko, na maini ya kuku ya kuponda. Miezi minne tulimlisha chuma mtoto ambaye hakuwa na upungufu wa chuma. Simlaumu shangazi. Hapa kwetu mtu akisikia "damu ndogo" akili inakwenda moja kwa moja kwenye chuma, na mara nyingi anapatia. Lakini mtoto akinywa ile sirapu mwezi mzima na damu haipandi hata nukta moja, usinunue chupa ya pili. Uliza ni kwa nini haipandi.

Damu ya kwanza aliwekewa Hospitali ya Bombo, saa nane za usiku. Daktari wa zamu, Mungu amlipe, alichukua damu ya kupima kabla ya kumwekea ya mtu mwingine. Sikuelewa umuhimu wake mpaka baadaye: ukishamwekea mtoto damu ya watu, kipimo cha aina za hemoglobini kinasoma damu za watu. Alfajiri midomo yake ilikuwa imeingia rangi. Nilikuwa sijawahi kuiona ile rangi kwake, nikaita sista nikidhani ana kitu mdomoni.

Muhimbili ndiko lilikotajwa jina. Thalasemia. Limetokana na neno la Kigiriki la bahari, kwa sababu watoto ambao daktari Thomas Cooley wa Detroit alianza kuwaandika mwaka 1925 walikuwa wa familia zilizotoka pande za Mediterania. Sisi nao ugonjwa ulitufikia kwa bahari. Bibi yangu mzaa baba, watu wake walikuja na jahazi kutoka Kachi, magharibi ya India. Baba yangu na shangazi yangu ni wanawe, na mimi nimemuoa binti wa shangazi, kwa hiyo yule bibi wa rosela ni shangazi yangu na mama mkwe wangu kwa pamoja. Mimi na mke wangu sote ni wabebaji. Mbebaji haumwi, anaishi maisha yake, pengine akaonekana ana damu pungufu kidogo basi. Lakini wabebaji wawili wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuwa na ugonjwa wenyewe. Si kwamba watatu wakitoka salama wa nne ndiye, hapana, kila mimba inaanza hesabu upya. Binti yangu mkubwa tumempima, ni mbebaji. Sitasema watu wa Tanga waache kuoa mabinamu, nani atanisikiliza? Nasema wapime kabla posa haijapelekwa, kwa sababu ni kipimo cha damu tu.

Sasa hiki chuma.

Chupa moja ya damu ina kama miligramu 200 mpaka 250 za chuma. Mwili wa binadamu hauna njia ya kukitoa. Mkojo haukitoi, jasho halikitoi. Unapoteza miligramu moja au mbili kwa siku, na hizo ni zile zinazoondoka na ngozi inayobambuka na ukuta wa utumbo. Piga hesabu na mimi: chupa moja kila wiki tatu ni chupa 17 kwa mwaka. Hiyo ni gramu tatu na nusu mpaka nne. Mtu mzima, mwili wake wote, damu, ini na misuli, ana gramu tatu hadi nne tu za chuma. Maana yake mtoto wako kila mwaka anaingiziwa chuma cha mtu mzima mmoja, na hakuna mlango wa kutokea. Zile seli tulizomwekea zinazeeka na kufa, ndiyo maana baada ya wiki tatu tunarudi tena wodini. Damu huisha, chuma hubaki.

Kwa hiyo baada ya chupa 10 hadi 20 hivi, au feritini, kipimo cha damu kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini, ikivuka 1,000, mtoto anaanzishiwa dawa ya kutoa chuma, na kwa kawaida hiyo ni kama miaka miwili ya umri. Dawa hizo ni tatu. Deferoksamini ni ya sindano, inaingia polepole chini ya ngozi usiku kucha kwa pampu ndogo. Deferiproni ni ya kunywa mara tatu kwa siku. Deferasiroksi ni ya kunywa mara moja, na ndiyo aliyokuwa anamwagiwa asumini. Kile kidonge hakitafunwi wala hakipondwi. Kinawekwa kwenye bilauri ya maji au maji ya machungwa, tumbo likiwa tupu, kinakorogwa kwa kijiko cha plastiki mpaka kiwe kama tui jepesi. Mtoto anakunywa, na chini kunabaki masimbi. Yale masimbi ni dawa. Unatia maji kidogo tena, unasuuza bilauri, anakunywa na hayo. Miaka miwili ya mwanzo sisi tulikuwa tunaisuuzia kwenye sinki.

Nirudi kwenye moyo. Chuma kikiingia kwenye damu kinabebwa na protini yake maalumu. Protini hiyo ikijaa, chuma kinachozidi kinazurura chenyewe, na chuma kinachozurura kinajipenyeza kwenye msuli wa moyo kupitia njia zile zile zinazopitisha kalsiamu, ambazo moyo unazihitaji kila unapopiga. Kikifika ndani kinaunguza. Kwanza moyo unakuwa mzito kulegea na kupokea damu. Kusukuma bado unasukuma vizuri, na hicho ndicho watu wanachokipima. Kusukuma kunaharibika mwishoni, wakati mwingine kwa ghafla, na mapigo nayo yanapoteza mpangilio.

Kazi yangu ilinisaidia kulielewa hili. Baiskeli ya Tanga haiuawi na ajali, inauawa na chumvi ya bahari. Mteja analeta fremu imepakwa rangi mpya, ina stika, inang'aa. Naligonga bomba la chini kwa spana, nasikia mlio mbovu wa kitu kilicholiwa ndani. Namwambia, bwana mdogo, hii inakaribia kukatika. Ananicheka. Mwezi haujaisha anarudi kaibeba begani, imekatika Barabara ya Pangani na nazi zimetawanyika njia nzima.

Nilipokuta ile dawa kwenye ndoo sikumpiga kijana, ingawa mkono uliniwasha. Nilimchukua mpaka dukani, nikatafuta fremu mbovu iliyokuwa na rangi nzuri, nikampa msumeno alikate bomba mwenyewe. Alipolifungua ukamwagika unga wa kahawia kwenye sandali zake. Nikamwambia hicho ndicho unachokihifadhi kifuani. Kesho yake bilauri ilirudi imesuuzwa. Nisidanganye lakini, yako mapatano mengine tuliyoyafikia, mojawapo likiwa viatu vya mpira, na mpaka leo kuna asubuhi anainywa kama anayemeza matusi.

Kabla ya siku ile feritini yake ilikuwa imepanda kutoka 1,900 mpaka 3,400, na sisi tulikuwa na visingizio. Alikuwa na malaria, tulisema. Tatizo ni kwamba kisingizio hicho kina ukweli ndani yake, maana feritini inapanda kweli mtu akiwa na homa au maambukizi, hata kama chuma hakijaongezeka. Ndiyo maana usiipime mtoto akiwa mgonjwa, na usiamini namba moja. Angalia mwendo wa namba tatu nne.

Basi tukasimama naye. Miezi minane, kila asubuhi mmoja wetu anakaa kitandani mpaka masimbi yameisha. Feritini ikashuka mpaka 1,700. Nyumba nzima ikafurahi, shangazi akapika biriani. Tukaenda kliniki kama watu wanaokwenda kuchukua zawadi. Daktari akalitazama lile karatasi, akasema vizuri sana, kisha akasema maneno ambayo mimi nayarudia kwa kila mzazi ninayekutana naye: "Feritini inaniletea habari za ini. Moyo bado sijausikia."

Nikamtolea majibu ya eko, ile picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Tulikuwa tumepimwa kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na moyo ulikuwa unasukuma asilimia 61 ya damu inayoujaa kila pigo. Hiyo si nzuri? Akaniomba za nyuma. Kwenye daftari langu kulikuwa na 67, kisha 65, kisha hiyo 61. Zote tatu zimeandikwa kawaida, na kwa mtu mwingine ni kawaida kweli. Lakini mtoto ambaye damu yake iko chini siku zote, moyo wake umezoea kusukuma kwa nguvu kupita wa wenzake, kwa hiyo kinachoitwa kawaida kwa mtoto wa jirani kwake kinaweza kuwa kimeshashuka. Sikuwahi kuzipanga zile namba kwenye mstari mmoja. Nilikuwa nasoma neno la mwisho tu, "kawaida", nafunga daftari.

Kwa hiyo ukitoka kwenye eko usiridhike na "iko vizuri". Omba namba, iandike, andika na tarehe na hemoglobini ilikuwa ngapi. Jitahidi eko ifanywe wakati ule ule kila mara, kama ni siku chache baada ya damu basi iwe hivyo siku zote, kwa sababu moyo wa mtoto mwenye damu 7 haufanyi kazi sawa na moyo wake huyo huyo akiwa na 11. Ukilinganisha hizo mbili unajidanganya.

Kipimo alichokitaka daktari ni MRI ya moyo, ile inayosoma kitu kinachoitwa T2 nyota. Chuma kinavuruga sumaku ya mashine, na kadiri chuma kinavyokuwa kingi ndivyo mwangwi unavyozimika haraka. Unapewa namba ya milisekunde. Zaidi ya 20, moyo hauna chuma cha kutisha. Kati ya 10 na 20, kipo. Chini ya 10, hali ni ya hatari, na utafiti uliofanyiwa London na kutolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wote ambao mioyo yao ilishindwa kazi ndani ya mwaka mmoja walikuwa chini ya hapo. Kipimo chenyewe kilielezwa mara ya kwanza mwaka 2001, London pia, na tangu kianze kutumika vifo vya wagonjwa hawa kule Uingereza vilipungua sana, si kwa sababu mashine inaponya, ila kwa sababu madaktari walianza kuona kabla mambo hayajaharibika. Inashauriwa mtoto aanze kupimwa akiwa na miaka 8 hadi 10, mara tu anapoweza kulala kimya bila kulazwa kwa dawa. Wetu alichelewa.

Tulikifanyia India. Shangazi alikuwa anapelekwa kubadilishwa goti, ndugu wakachanga, kijana na mama yake wakapanda humo humo. Mama watoto alinisimulia kwa simu: hakuna sindano, hakuna maumivu, kazi ni kulala kwenye lile bomba na kufuata sauti. Vuta pumzi. Toa. Ishike. Kijana akitoka akalalamika kwamba mashine inagonga kama fundi bati. Mimi nilikuwa nimekaa dukani na mteja mbele yangu anataka tairi la namba 28 majibu yalipoingia kwenye WhatsApp.

T2 nyota 11.

Feritini imeshuka nusu, eko ya kawaida, mtoto anacheza namba saba pale viwanja vya Tangamano, na moyo uko 11. Daktari alipotueleza hakutushangaa. Dawa inaposafisha, ini linaanza kusafishika mapema, linaweza kupungua sana kwa miezi. Moyo unakiachia chuma kwa uchoyo, kwa mwaka na miaka. Chuma ambacho dawa iliyomwagiwa asumini ingekitoa kilikuwa bado kiko kifuani, wakati ini limeshatoa chake na kutupa namba nzuri ya kushangilia.

Dawa ikabadilishwa. Deferiproni mchana, kwa sababu inasifika kwa kufika kwenye moyo, na pampu ya deferoksamini usiku. Pampu ina ukubwa wa kesi ya miwani. Unachanganya unga na maji ya sindano, unavuta kwenye bomba, unachoma kisindano kidogo tumboni, leo kulia, kesho kushoto, kwa sababu ukirudia pale pale panafanya uvimbe mgumu. Inaingia kwa muda wa saa kumi, usiku sita kwa wiki. Wiki ya kwanza alilala chali kama maiti, hageuki. Wiki ya pili akagundua akiifunga na kanga ya mama yake kiunoni anaweza kulala ubavu. Mkojo wake ukawa mwekundu wa kahawia, kama chai iliyokaa, na hilo tulikuwa tumeonywa kwamba si damu. Bila kuonywa tungekimbilia hospitali.

Jambo ambalo ningelipigia kengele mitaani kama ningeweza ni homa. Hapa kwetu homa ni malaria, tumemaliza. Unapima, ikiwa haipo unapewa dawa za kuua bakteria unarudi nyumbani. Mtoto anayekunywa deferiproni hatakiwi kutibiwa hivyo. Ile dawa kwa watu wachache inashusha chembechembe nyeupe za damu, zile hasa zinazoitwa neutrofili, na mtoto akipata maambukizi bila hizo anaweza kuondoka kwa siku mbili. Ndiyo sababu tunampima picha nzima ya damu kila wiki, na homa ikianza vidonge vinasimama saa ile ile kabla hata hujavaa viatu.

Usiku mmoja wa masika alipanda joto mpaka 38.9. Nikampakia kwenye baiskeli, mvua inanyesha, tukaingia kituo kimoja cha karibu. Wakapima malaria, haipo. Kijana wa zamu akaanza kuandika vidonge. Nikamwambia, mwanangu, naomba picha nzima ya damu. Akasema mashine inawashwa asubuhi. Nikamwonyesha daftari, ukurasa wa kwanza, ambako daktari wetu alikuwa ameandika kwa mkono wake jina la dawa, na kwamba homa yoyote neutrofili zihesabiwe siku hiyo hiyo. Akausoma mara mbili, akamwita mtu wa maabara. Zilikuwa 1,100. Zikiwa chini ya 1,500 dawa lazima isimame, chini ya 500 ni hatari kubwa. Akalazwa siku nne, akapona, zikapanda, na baadaye daktari ndiye aliyeamua lini arudi kwenye dawa. Hilo usiliamue wewe. Lakini ule ukurasa wa kwanza wa daftari uombe kwa daktari wako kesho. Na kwa wale wa pampu, homa ikija na maumivu ya tumbo, pampu nayo isimame mpaka daktari aone, maana kuna bakteria wanaostawi kwa chuma na dawa ile inawarahisishia kukipata.

Wako wazazi wanaoniambia, kama damu ndiyo inayoleta chuma si tupunguze damu? Nami niliwahi kuwa na akili hiyo. Mwaka mmoja nilimchelewesha mpaka wiki ya tano, najiona mjanja. Hemoglobini ikafika 6.2. Amelala kwenye mkeka nikaona fulana inatikisika kifuani, kila pigo. Damu ikiwa ndogo moyo unakimbizwa mchana na usiku, na utumbo nao unadhani mwili una njaa ya chuma, unavuta zaidi kutoka kwenye chakula. Unakosa kotekote. Lengo letu ni asishuke chini ya 9 kabla ya kuwekewa. Chuma kinapunguzwa kwa dawa.

Chakula hakina mengi. Watu wanahangaika nacho mno. Chupa moja ya damu ina chuma ambacho mchicha wa miezi hauwezi kukifikia, kwa hiyo sikumnyima mwanangu nyama ya Idi. Tulichokata ni sirapu na vidonge vya kuongeza damu, na vidonge vya vitamini C vya kujinunulia, kwa sababu vitamini C nyingi inakichokonoa chuma kilichotulia na moyo ndio unaoumia. Kama inahitajika daktari anaiandika kidogo, pamoja na dawa ya kutoa chuma. Chai ya rangi pamoja na chakula inapunguza chuma kinachoingia, na kwa mtu wa Tanga hiyo ni amri rahisi kuliko zote. Shangazi bado analeta rosela. Anakunywa mwenyewe.

Dalili za moyo nazijua kwa moyo, nazo ni miguu kuvimba, kuhema akilala chali, moyo kwenda mbio au kuruka pigo, tumbo kuuma upande wa ini. Ukiona mojawapo usingoje tarehe ya kliniki. Lakini ndugu yangu, ukizingoja hizo ndizo zikuambie, umechelewa kama mwenye nazi. Hata hapo usikate tamaa, maana moyo ulioshindwa kwa ajili ya chuma unaweza kurudi chuma kikiondolewa kwa nguvu na kwa kudumu, na hilo si la kila ugonjwa wa moyo.

Tunasikia habari za kupandikiza uloto. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshawafanyia watoto wa siko seli. Kwa thalasemia pia ndiyo tiba inayoponya, hasa mtoto akiwa mdogo na ini na moyo havijachakaa, akapatikana ndugu anayelingana naye. Dada yake alipimwa, hakulingana. Mdogo wao bado. Sitaki kumwambia lolote kijana mpaka majibu yatoke.

Kipimo cha pili cha moyo, miezi 14 baada ya kile cha kwanza, kilisoma 16. Alinitumia yeye mwenyewe, kwa simu ya mama yake, na picha ya bomba la baiskeli lililokatwa ambayo kumbe aliipiga siku ile dukani akaihifadhi. Hakuandika neno.

Jumanne tuna damu. Kipindi hiki wanafunzi wamefunga shule, na benki ya damu hukauka kila wanapofunga, kwa sababu wao ndio wachangiaji wakubwa. Mwanamume anaweza kuchangia kila miezi mitatu, mwanamke kila minne, awe na kilo 50 kwenda juu. Mimi miezi yangu haijatimia. Fundi wa pale nje ya duka langu ameshakubali, amesema atakuja na baiskeli ya mteja. Wa pili bado namtafuta.